Kipimo cha Jua Kusini mwa Dakar

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limeifuata meli kwa siku tatu. Kutoka juu, kwenye chumba cha usukani, mtu hakuweza kujua bahari inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Kwa hiyo adhuhuri Afisa Baaba Nketsia, binti wa Cape Coast, alishuka na sekstanti yake, chombo cha kujua mahali meli ilipo kwa kimo cha jua, hadi sitaha ya chini, karibu na maji, ambako ukingo wa bahari bado ulionekana. Nahodha Ebo Acquaah alishuka pia, amekumbatia sekstanti yake ya shaba, aliyoinunua kabla Baaba hajazaliwa.

Walisimama bega kwa bega, wakaliteremsha jua ndani ya vioo mpaka likagusa maji, wakangoja liache kupanda.

"Nyuzi hamsini na tano na dakika ishirini," alisema nahodha. "Wewe?"

"Hamsini na tano kamili, Nahodha."

"Aa! Jua la kwenu Cape Coast hilo. Umelipima ukiwaza samaki wa mama yako."

Baaba alicheka, lakini alipopiga hesabu kicheko kilikatika. Dakika ishirini za kimo cha jua ni maili ishirini za bahari. Walikuwa wakienda kaskazini; kwa kipimo chake, walipaswa kugeuka mashariki kuelekea Dakar saa tisa. Kwa kipimo cha nahodha, karibu saa kumi na moja. Akikosea yeye, wangepoteza muda tu kwenye maji mengi. Akikosea nahodha, wangeipita rasi ya Dakar bila kuiona katika vumbi, kisha wangegeuka na kugonga pwani.

Walipopanda tena chumba cha usukani, nahodha alikuwa ameshaweka alama yake kwenye ramani. Fiifi, mshika usukani, alimnong'oneza Baaba, "Dada, mzee huyu amefika Dakar mara mia. Usijitafutie maneno."

Huenda Fiifi alisema kweli. Mwanamke pekee kati ya maafisa, safari ya pili tu, amwambie Acquaah kwamba jua limemponyoka? Lakini juzi alikuwa amemwona nahodha akimpa mtu wa redio barua ya mkewe amsomee, eti mwandiko wa mkewe umeharibika.

Akamfuata nahodha kwenye meza ya ramani. "Nahodha, umeshausogeza mkono wa sekstanti yako tangu ulipopima?"

"Bado. Kwa nini?"

"Naomba niisome."

Acquaah akampa.

Baaba aliielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ya shaba ilikuwa myembamba kama unywele, na kila mmoja ulihesabu dakika ishirini. Aliisoma mara mbili, akaisoma ya tatu kwa sababu alitamani awe amekosea.

"Inasema hamsini na tano kamili, Nahodha. Umeruka mstari mmoja." Akaongeza upesi, "Jua umelishika vizuri kuliko mimi. Mimi lilinitetemeka mkononi."

Fiifi alikaza macho kwenye dira kana kwamba hajui Kifante, lugha waliyokuwa wakisema.

"Mstari mmoja," alisema nahodha. Aliichukua sekstanti, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Tangu mvua za mwaka jana nasoma kwa kukisia. Na nilikuwa nakisia vizuri."

"Ndiyo, Egya," alisema Baaba. Hakuwahi kumwita baba kabla ya siku hiyo.

Acquaah alichukua ufutio, akaifuta alama yake kwenye ramani, akamkabidhi Baaba penseli.

Saa tisa meli iligeuka mashariki. Kabla jua halijazama, kisiwa cha Gorée, kilicho mlangoni mwa bandari ya Dakar, kilijitokeza ndani ya vumbi, mbele kidogo upande wa kushoto, pale kilipotakiwa kuwa. Nahodha aliagiza mashine zipunguzwe, akamngoja rubani wa bandari aje kuwaingiza.

Usiku ule aliandika barua mbili: moja kwa kampuni, akiomba kupimwa macho na kusema sababu waziwazi, nyingine kwa mkewe. Ya kampuni alimpa Baaba aikague.

"Soma kwa sauti," alisema. "Na nikiwa nimeruka mstari, niambie."