Sare ya Chemchem, Kwapa la Nzega

Kwaya zetu za Tabora zinaweza kugawana nyimbo, walimu, hata wachumba. Sare hazigawanwi. Sare ni siri mpaka asubuhi ya tamasha, na anayeitoa nje ni msaliti.

Wifi yangu Elieth hakusomea ushonaji popote. Anauza mboga hapa Chemchem, na jioni huchora magauni nyuma ya kalenda za zamani. Mwaka huu nilimpigania kikaoni mpaka kwaya ikakubali achore sare yetu. Mwenyekiti, Mama Agnetha, alimtazama juu mpaka chini.

"Sawa. Lakini nikiiona kwa kwaya nyingine, wewe na kwaya basi."

Wiki haikuisha, Elieth akapiga picha mchoro pamoja na vipimo vyote, akauweka kwenye kundi moja la mishono Facebook. Nilipouona nilitaka kumzaba kibao.

"Wifi, una akili kweli?"

"Watu mia mbili wameupenda, wifi!" Macho yalimng'aa. "Ile shingo ya gauni nimejifunza humohumo, kwa mama mmoja wa Igunga. Yeye alitoa chake, na mimi nimetoa changu."

"Futa."

Akaomba nimngojee kwanza. Siku hiyohiyo nilikuwa nimejaribu gauni la kwanza, na nilipoinua mikono kama tufanyavyo kwenye pambio, kwapa lilipasuka fyaa! Elieth hakununa. Alikata kipande kidogo cha kitenge, umbo la tiara, akakishonea kwapani, na mikono ikapaa bila shida. Sasa alitaka kukionyesha kile kipande kundini. "Waliokwisha kuchukua mchoro watashona vibaya," alisema.

"Wapasuke tu," nikajibu. Nikamnyang'anya simu, nikafuta mwenyewe.

Tamasha lilifanyika Julai, kwenye kanisa letu la Moravian, upepo ukitujaza vumbi machoni. Basi dogo kutoka Nzega likasimama, wakashuka akina mama kumi na wawili ndani ya sare yetu. Tofauti ilikuwa rangi tu: sisi bluu, wao ya machungwa.

Mama Agnetha akamgeukia Elieth. "Nilisema," akamwambia. Elieth akainamisha kichwa, akaondoka. Mimi niliyempigania kikaoni sikufungua mdomo. Niliogopa, huo ndio ukweli.

Wale wa Nzega wakaenda nyuma ya kanisa kupasha sauti. Ubeti wa kwanza, mikono juu: fyaa huku, fyaa kule. Wenzangu wakaangukiana kwa kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona Elieth katikati yao. Alikuwa amejifunga khanga, gauni lake la sare liko mapajani, analikata vipande na kuvishonea kwenye makwapa ya watu wa Nzega. Bluu juu ya machungwa!

Nikamkimbilia. "Unawashonea waliokuibia?"

"Wameniibia nini? Niliwapa," akasema bila kuinua macho. "Ila niliwapa kitu kibovu. Sasa wapasuke mbele za watu kwa kosa langu?"

Mama aliyekuwa akishonewa, Koleta, mkono wake ukiwa juu, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, tulirudi kutafuta maelezo, tukakuta hamna. Ulifuta kwa nini?"

Elieth aliniangalia mara moja tu. "Mtandao, mama. Mtandao ulisumbua."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Huyu kafukuzwa kwaya, kakata gauni lake, na bado ananisitiri.

"Mtandao gani!" nikasema. "Mimi ndiye niliyefuta. Alitaka kuwaonyesha hicho kipande, nikamnyang'anya simu. Nilisema mpasuke."

Kumbe Mama Agnetha alikuwa nyuma yangu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Aliyatazama yale makwapa, akalitazama gauni lililobaki kola na mkono mmoja.

"Elieth," akasema, "leo tutaimba bila wewe, huna nguo. Jumapili uwe umeshajishonea nyingine." Kisha akanigeukia. "Na wewe Recheli, mbona umesimama? Shika sindano."

Elieth akaitikia "ndiyo, mama" huku machozi yakimdondokea mikononi. Mimi nikatunga uzi, nikapiga magoti kwenye kwapa lililofuata.