Bihogo Chini ya Bati

…na sasa suruali nayo imeamua kwenda chini, hapa hapa, mbele ya kikundi kizima cha wafugaji wa Mabawe, na mimi mkono wa kushoto umo ndani ya ng'ombe hadi begani, wa kulia umeshika mkia, na mdomoni nimeng'ata mrija wa mbegu za dume kama mzee anayevuta kiko, kwa hiyo siwezi kuinama, siwezi kuvuta, siwezi hata kusema samahani, nasikia tu kitambaa kinateremka bila haraka, paja, goti, muundi, haya, kimefika, na mkanda huu niliununua Bujumbura kwa mtu aliyeniapia kwa mama yake mzazi kwamba ni ngozi ya chatu, chatu gani huyu anayekatika kama uzi wa kiroba, na chini ya chatu ipo kaptula aliyoninunulia Scola, mke wangu, yenye picha za vifaranga vya njano, nilimwambia haimfai mtu mzima, akasema kwani nani atakuona, njoo Scola, njoo uone wanaoniona… mmoja anasema "Yesu wangu," mwingine "nyamazeni, mwacheni afanye kazi," na Nahimana, ambaye hajawahi kujua kunong'ona, "Kumbe bwana mifugo anafuga na kuku!" na kicheko kinapasuka, cheka Nahimana, una haki ya kucheka, wewe ndiye unayemsubiri ndama, maana kikundi ndivyo kilivyo, unapewa mtamba ambaye hajazaa bado, akizaa jike unampa jirani anayefuata, na wa jirani akizaa anakwenda mbele, Generoza alipewa huyu Bihogo na anayefuata ni Nahimana, lakini Bihogo hazai, nimempandisha mara mbili hakushika, leo ni ya tatu, na katiba ya kikundi inasema ya tatu ikishindikana ng'ombe ni tasa, anakwenda buchani, na Generoza anabaki na banda tupu na zamu yake imepita, mjane, zamu haimrudii tena… tulia Bihogo, tulia mama, na mimi nina aibu zangu… Generoza peke yake hakucheka, namwona kwa pembe ya jicho, ameshika kamba ya pembe za Bihogo kana kwamba akiilegeza watamchukulia sasa hivi. Joto lakini. Nimeingiza mkono kwenye ng'ombe wengi katika maisha haya, Njombe asubuhi unauingiza kwa furaha kabisa, kama mtu anayeota moto, Kigali, Nakuru nilikokwenda kozi nikarudi na cheti na mafua, ila huyu anawaka, hili si joto la ng'ombe, hiki ni chungu kilichosahauliwa jikoni, na si homa, jicho lake zuri, pua mbichi, hana kupe, isipokuwa anahema mdomo wazi na udenda unashuka, na mimi mwenyewe upara unaungua, mbona… ah, bati, bati liko hapa juu ya kichwa changu, nikijinyoosha linanikaanga, "Bwana mifugo," huyo ni Audax, mwenyekiti, "unapanda au unasali?" "Mwache, huenda amekwama," Nahimana tena, na wanacheka tena, nami kwa mrija mdomoni najibu mmh, jibu la mtaalamu… mabati yenyewe yalikuwa ya nyumba ya Generoza, mumewe aliyanunua akafa kabla ya kuezeka, halafu kikundi kikasema banda bora ni banda la bati, nyasi ni mambo ya zamani, asiye na bati hapewi ng'ombe, basi akayapigilia huku, nguzo fupi kwa sababu miti ilikuwa mifupi, na yeye mwenyewe akabaki kwenye nyumba ya nyasi, na siku ya ukaguzi watu wote tulipiga makofi, banda la kisasa, Audax akahutubia, Bihogo akafungwa humo toka asubuhi hadi jioni, kwa heshima. Mwalimu wa Nakuru alikuwa anasema, nami nimekaa nyuma kabisa nasinzia, ajabu maneno yamebaki, alisema mwilini zipo tezi, na tezi ndizo zinazotuma habari, ipo moja chini ya ubongo, ndogo kama harage, hiyo ndiyo inayokiambia kifuko cha mayai pevusha, sasa tayari, mwache amtafute dume, lakini mnyama akipikwa kutwa nzima ubongo unasema kwanza tubaki hai, habari za watoto tutaongea baadaye, tezi ya shingoni inapunguza moto wa mwili kama mama anayechomoa kuni jikoni, ndiyo maana majani hayataki, ndiyo maana mbavu zinahesabika, na zile zilizokaa juu ya figo zinapiga kengele ya hatari mpaka zenyewe zinachoka, na ile amri ya kupevusha inatoka hafifu, ng'ombe halii, hapandi wenzake, dalili zinatoka alfajiri tu kukiwa na ubaridi, na leo alfajiri Generoza alisema ameona ute kidogo wa kutaka dume, mara moja tu, nikamwambia mama, huo ni umande, tutapanda mchana kikundi kikifika… umande! na cheti ninacho ukutani… ngoja, kidole kimefika, kifuko cha kushoto kimya, laini kama kokoto ya mto, cha kulia… taratibu… kipo, kilengelenge cha yai kipo, kidogo, kimesinyaa kama zabibu kavu, lakini kipo, na mji wa mimba umekaza vizuri, huyu si tasa, huyu anajaribu, kila alfajiri anajaribu na kila mchana anapikwa… dada yangu Irine walimrudisha kutoka kwa mumewe Runazi na godoro lake, nilikwenda kumpokea kwa baiskeli, mama mkwe alisema neno moja tu, tasa, kama mtu anayefukuza mbuzi, na njia nzima Irine hakulia, aliniuliza tu kama nyumbani maharage yamekomaa, akaolewa Bugarama akazaa wanne, mmoja ana pua yangu, maskini, na hakuna aliyerudi Runazi kuuliza lile neno lilipimwa na nani… "Bwana mifugo, jua hilo," Audax anasema, kama vile jua ni mali yake… nikiipanda sasa mchana huu mbegu itaungua, na hata ikishika hicho kitoto kitafia tumboni kabla hakijawa na miguu, nao watahesabu ya tatu, nami nitanawa, nitaletewa soda, nitaondoka na vifaranga vyangu, kazi imefanyika, hakuna atakayenilaumu, mbegu imeshayeyuka hairudi tena kwenye mtungi wa baridi, ni kupanda au kutema… na natema, mrija unaanguka kwenye samadi, karibu kabisa na suruali.

"Sipandi," nasema. Mkono bado umo ndani. "Na leo isihesabiwe. Huyu si tasa. Anaokwa. Mwondoeni chini ya hili bati, mwezekeeni nyasi, juu kabisa upepo upite, apewe maji mchana kutwa, halafu mkiuona ule ute tena mniite alfajiri hiyo hiyo."

Mkia unanichoropoka, unanipiga shavuni.

"Bati limo kwenye katiba," anasema Audax. "Ng'ombe wa kikundi halazwi kwenye nyasi."

Generoza analegeza kamba.

"Mwenyekiti, mimi nimezaa saba kwenye nyasi. Leteni ngazi."