Katikati ya Nusu Mbili

Katika bucha yetu hakuna anayepita katikati ya nusu mbili za ng'ombe. Zikishaning'inizwa kwenye kulabu, zikitazamana, unazunguka, hata kama una haraka, hata kama mteja anakufokea. Hiyo ilikuwa amri ya Mama, mwenye bucha. "Hapo alipita Mungu peke yake," alikuwa akisema, na sisi mabinti zake wawili tukazunguka mpaka viatu vikalika upande mmoja.

Mama tumemzika juzi, na mdogo wangu hali wala halali. Amekaa kwenye kiti cha marehemu nyuma ya mizani, macho mekundu, hata chai anaikataa. Mimi nimechoka. Nimechoka na msiba, nimechoka na watu wanaokuja kutoa pole huku wakichungulia maini. Na leo ng'ombe kaletwa, maana nyama haisubiri mtu amalize kulia.

"Kunywa uji basi, mdogo wangu."

"Niache, dada. Mimi nakufa tu."

"Nani kakwambia?"

Ndipo akanieleza. Mama alipolazwa, yeye alikuja hapa asubuhi kabla sijafungua, akapita katikati ya nusu mbili, akaapa kwamba hatafumba macho mpaka Mama apone. Akifumba, naye apasuliwe kama ng'ombe yule. Akakesha kando ya kitanda mpaka mwili ukamshinda. Alipozinduka, muuguzi alikuwa anamfunika Mama uso.

"Nililala, dada. Nimevunja agano. Mama kafa kwa sababu yangu, na sasa ni zamu yangu."

Hasira zikanipanda, nikatupa kisu mezani. Mtu mzima na akili zake! Siku nyingine ningemcheka mpaka wateja wakimbie. Lakini nilitazama midomo yake ilivyopasuka kwa kiu, nikaogopa kwamba kweli nitazika wawili.

"Hadithi ile aliyotusimulia Mama wewe uliisikia nusunusu, kama kawaida yako. Mungu alimwahidi Ibrahimu nchi na uzao, naye akapasua wanyama, akavipanga vipande vikitazamana. Akashinda hapo anafukuza ndege wasile nyama. Jua lilipoanza kuzama akafanya nini?"

Akageuzia uso ukutani.

"Si nakuuliza wewe?"

"Alilala," akasema taratibu.

"Usingizi mzito! Na moto wa Mungu ukapita katikati, mzee hajitambui. Kiapo kama kile wanapita wote wawili wanaoahidiana, kila mmoja anajitakia kupasuliwa akikiuka. Mungu akapita peke yake. Hakumwamsha mzee wa watu aje kuapa. Ndiyo maana Mama alitukataza kupita pale. Si kwamba patatuua. Kiapo kile si chetu kukibeba."

"Mbona basi hakumponya Mama?"

Hata mimi nilikuwa nimemkasirikia Mungu, bado nimemkasirikia.

"Sijui," nikamwambia. "Hakuahidi kwamba Mama hatakufa. Ibrahimu mwenyewe alikufa ile nchi hajaimiliki, na ahadi haikuzikwa naye. Aliahidi kuwa Mungu wake na wa uzao wake. Mama alishikilia hilo mpaka mwisho. Hakuwa anategemea macho yako, mdogo wangu."

Akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikamshikia kikombe, akanywa uji mafunda machache, mwingine ukamwagikia gauni. Halafu akalaza kichwa mezani, pale pale kando ya mizani, usingizi ukamchukua kabla sijamfuta mdomo.

Mteja mmoja akachungulia. "Nyama ipo?"

"Ipo, ila rudi kesho," nikanong'ona.

Sikuwa na nguvu hata za kushika kisu. Nzi walikuwa wameiacha nyama, wanatua usoni mwake. Nikavuta kigoda, nikachukua kitambaa cha Mama cha kufutia meza, nikakaa kuwafukuza mpaka jua likazama.