Dakika Arobaini za Lucy

Saa mbili kamili asubuhi, saa ya kuanza kazi, kompyuta ya Lucy kwenye ofisi ya wanunuzi wa kakao, Mbugani, iliwaka, vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe. Lucy alikuwa na wiki mbili kaburini, kule Lyulilo. Wenzake walisogeza vikombe vya chai wasije wakaimwagia.

Mama yake, Damari, mfinyanzi, alikaa kwenye benchi akisikiliza. Mkono ule aliujua. Kidole gumba kilikuwa kizito, kama kinalainisha mdomo wa chungu.

"Mugonile, mama," alisema Nelson, msimamizi.

"Tumeamka, baba. Nimefuata barua ya kusema mwanangu amekufa, kazi yake imekwisha. Bila hiyo hapumziki, na mimi msiba siwezi kuuanua."

Nelson akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mle ndani mlikuwa na programu inayohesabu kila kitufe kinachobonyezwa na kila mwendo wa kipanya. Mtandao ukikatika inaweka akiba. Ukirudi inatuma yote makao makuu. Siku ya mazishi yake Lucy alibonyeza mara elfu kumi na moja.

"Wanamwona yupo kazini, mama. Nitaandikaje amekufa?"

"Alipokuomba ruhusa ana malaria, ulimwambiaje?"

"Kwamba hesabu yake itashuka."

"Imeshuka?"

"Hapana, mama. Ndiye anayeongoza."

Damari alimwomba Bwana, midomo ikicheza tu. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa bonge la udongo, akaliweka kando ya kibodi. Vitufe vikanyamaza. Bonge likazunguka taratibu, likabonyea katikati, likainua kuta zake. Karani Anyelwisye alipunguza redio. Chungu kidogo kilipokamilika, mdomo umelainishwa kwa gumba, vitufe vikarudia kazi.

Mchana mtandao ulirudi, hesabu zikaenda. Jioni Nelson akaleta karatasi. Lucy hakugusa kitufe wala kipanya kwa dakika arobaini; hili ni onyo la kwanza.

"Lazima lipokelewe. Utie saini wewe, mama, kwa niaba ya marehemu."

"Umesema marehemu."

"Nimesema kwa mdomo, mama. Kwenye karatasi hamna."

Damari akatia saini, maana aliogopa wasije wakamletea mwanawe onyo la pili. Chungu akakipakata garini mpaka Lyulilo, akakiweka kaburini kikiwa kibichi, akamshukuru, "Ndaga, mwanangu."

Kesho yake vitufe vilianza saa moja na dakika ishirini, ofisi haijafunguliwa.