Dakika Tano za Maji

Mardi, tarehe 14 mwezi wa tatu 2023, saa tatu ya asubuhi, maisha yangu iliharibika nikiwa nimekaa mu kiti, najibu maulizo.

Chef wa avenue yetu hapa Cimpunda, Papa Cyprien, alituletea kijana Hugues mwenye tablette mukononi. Akasema ni hesabu ya inchi nzima: serikali inataka kujua watu wanakula nini, wanalala wangapi, maji wanachota wapi.

Kwetu mugeni haendi bila kunywa kitu. Muke wangu Colombe akachukua bidon ya litre makumi mbili na mugozi, ule mukanda wa kuibebea ku kichwa, akatoka. Majani ya chai ilikuwako, sukari jirani alitupatia. Maji ndiyo ilikosekana. Na mugeni vilevile haambiwi kama nyumba haina kitu.

"Papa, munakula mara ngapi kwa siku?"

"Tatu."

Ilikuwa moja. Cyprien akakohoa, akaangalia dari. Kwake pia alisema tatu.

"Maji munachota wapi?"

"Ku robine. Ile pale ku kona."

Robine iko kweli, bomba ya maji yenye kusimama pale. Wakubwa wa serikali walikuja kuifungua mwaka uliotangulia, wakakata kamba, moja wao akakunywa gilasi ya maji mbele ya kamera. Kisha juma mbili ikakauka. Tukarudia source, chemchemi ya kule chini bondeni.

"Kwenda na kurudi, dakika ngapi?"

"Tano."

"Na maman?"

"Ameenda ku maji. Anakuja sasa hivi, tukunywe chai."

Akaandika tano. Maulizo ikaisha, Colombe hajarudi. Hugues akaangalia saa, akasema, "Papa, leo ku robine mustari ni murefu!" Tukacheka wote watatu. Mimi pia nilicheka.

Colombe alikuwa amepanda nusu ya kilima. Mvua ilinyesha usiku, udongo ulikuwa unateleza, na bidon yenye kujaa ikamuvuta nyuma juu ya mawe. Majirani walimuleta juu ya mulango waliotoa ku nyumba ya mutu. Alikuwa ameshakufa. Hugues alikuwa angali pale, na kikombe kikavu mbele yake.

Mwaka uliofuata, Cyprien akaleta habari: kuko feza za kutengeneza maji, lakini zimeenda kwingine. Rapport ya ile hesabu inasema Cimpunda maji iko, dakika tano. Nikapanda mpaka ku bureau ya serikali. Bwana moja mwenye koti akaniambia, "Muzee, ni ninyi wenyewe mulisema." Nikamujibu, "Mutu wa kuandika mulimulipa. Wa kufungua robine aone, mulikosa wa kulipa?" Akaniomba nifunge mulango nikitoka.

Tangu pale wakubwa walienda, wengine wakaja. Robine inakaa vile ilivyo.

Mwaka huu Cyprien akaleta mwengine wa maulizo, binti anaitwa Chancelle. Alikuta mutoto wangu Fabiola anafunga ule mugozi wa mama yake.

"Mama, kaa," nikamuambia mugeni. "Leo hapa hakuna chai. Angalia saa ile huyu mutoto anatoka, uandike na saa ile anarudi."

Cyprien akakasirika. "Muzee, unatupatisha haya mbele ya mugeni!"

"Haya ilishanikulia muke. Kaa na wewe."

Tukangoja. Chancelle alijaribu kuniuliza habari za mbuzi na kuku. Sikuwa na kimoja wala kingine, nikamuambia hivyo hivyo. Macho yangu ilikuwa ku njia. Cyprien pia akageuza kiti, akaangalia kule.

Fabiola akatokea na matope mpaka ku magoti. Ilikuwa imepita saa moja nzima na dakika kumi na mbili. Chancelle akaandika, tablette ikakataa, ikatoa maneno mekundu.

"Inasema robine iko hapa karibu. Papa, iko ao haiko?"

"Iko."

"Na maji?"

"Haiko."

Akatafuta, akatafuta. "Ile jibu haina nafasi humu. Nitaiandika chini, pa maelezo."

"Pale nani anasomaka?"

"Sijui, Papa."

"Na ile tano ya zamani?"

"Ile ilishaingia mu rapport, Papa. Ilishatiwa signature."

Aliahidi kuuliza chef wake. Ni miezi mine sasa, na mvua imerudi. Tano niliisema mimi, sikatai. Na kila asubuhi Fabiola akishuka nasimama ku mulango mpaka nimuone. Lakini kutoka kile kiti cha maulizo mpaka ku robine ni hatua makumi mbili tu. Wote wale waliotia signature, nani kati yao atakuja kuzitembea, aifungue kwa mukono wake, kabla Fabiola hajateleza?