Kesi ya Misebeya

Vita mtu anaweza kuvivumilia. Ujeuri wa shemeji, hapana. Mwaka ule wa sitini na nne, waasi walipoishika milima ya Lemera, Ernestine alikuwa mjane mwenye shamba moja tu. Kwenye mteremko wa juu yake kilisimama kichaka cha misebeya, miti ya kivuli, ambacho marehemu mumewe alikataa katakata kisiguswe. Majani yalianguka, yakaoza, na mvua ikaiteremsha mboji hadi kwenye maharage. Majirani walilia kwamba udongo umechoka, na wengine walizika watoto kwa njaa. Watoto wa Ernestine walishiba.

Firmin, mdogo wa marehemu, alikuwa akilimezea mate shamba hilo tangu zamani. Alipopewa cheo katika komite ya waasi, alikuja na watu wenye mapanga, akafukua mzizi wa msebeya mbele ya majirani. Ulikuwa umejaa vinundu. Akavibonyeza kwa kucha, vikatoa maji mekundu.

"Muone! Hii muti iko na damu! Ni ya nani, kama si ya batoto benu benye kufa?"

Watu wakarudi nyuma. Ernestine alipiga hesabu haraka. Kichaka kile kikienda, shamba litakufa, na wanawe watalala njaa. Aliingia shambani, akang'oa shina la maharage, akavunja vinundu vya mizizi yake. Wekundu uleule.

"Angalieni, na maharagi iko vilevile! Hii inalisha udongo, haiko damu ya muntu. Weye Firmin, kwako munakula nini kila siku?"

Wanawake wawili wakaitikia kwa kichwa. Nani hajaviona vinundu vile akipalilia? Lakini Firmin hakuwa na haya hata chembe.

"Shemeji amejisema mwenyewe. Bulozi imeshuka mpaka mu maharagi. Toeni yote!"

Wakaiangusha misebeya, kisha wakang'oa shamba zima, maganda yakiwa yameanza kujaa. Hakuna aliyethubutu kwenda kuchimba maharage ya kwa Firmin aone kama nayo yana vinundu. Wale wanawake wawili waligeuza nyuso zao pembeni, na Ernestine akawatukana wote waliokuwepo, mmoja mmoja, kwa jina, mpaka sauti ikamkauka.

Na hayo maharage ya kichawi, mnadhani yalichomwa moto? Firmin aliyabeba mpaka kwake. Mkewe akayamenya, akayabandika jikoni, na nyumba nzima ikala.