Chapati kwenye Nyumba ya Pasaka

Kuna watu hawajui kwenda kwa wenzao mikono mitupu, na Mumbua ni mmoja wao. Mwalike harusini, mwite kwenye matanga, muombe tu aje akusaidie kusukuma kabati, atatokea na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Ndivyo alivyolelewa Kitui, na Birmingham haijamtoa tabia hiyo. Kwa hiyo siku ya kuamkia Pasaka ya Wayahudi, alipotoka kwake Washwood Heath kwenda kazini Sutton Coldfield, kiti cha pembeni cha gari lake kilikuwa kimebeba chapati. Na si chapati za mchezo. Unga aliukanda alfajiri, akaufunika kwa kitambaa chenye unyevu ukapumzika vizuri, akasukuma, akapaka mafuta, akakunja, akasukuma tena. Kwa Mumbua, sikukuu bila chapati ni Jumatano tu, na siku hiyo kweli ilikuwa Jumatano.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Bi Naima Sasson, mjane wa miaka themanini na ushei. Mumbua alimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Akili ya Bi Naima ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Asubuhi alikuwa yeye kabisa, mkali, mtani, anakuuliza kwa nini umechelewa na saa ya ukutani anaiona. Ikifika alasiri ukungu unashuka, na hapo Mumbua anageuka kuwa Marcelle, dada yake Bi Naima aliyekufa zamani. Yaliyosemwa asubuhi yanafutika yote. Miezi ilikuwa imepita bila neno la asubuhi kufika jioni.

Mwanawe, Ezra, alikuwa amemvuta Mumbua pembeni wiki ile. Ezra ni mzee wa miaka sitini naye, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani hata ikiwa safi.

"Nataka usiku huo ajue kwamba ni Pasaka," alisema. "Mwaka jana alijua. Mwakani hatajua, daktari ameshaniambia. Ninachotaka ni usiku huu mmoja tu."

Na kama kulikuwa na kitu cha kumshika Bi Naima asiteleze, Ezra aliamini ni halek. Hiyo ni asali ya tende. Tende zinachemshwa, zinakamuliwa kwa kitambaa, maji yake yanapikwa taratibu mpaka yanakuwa mazito na meusi, kisha zinatiwa njugu za jozi zilizosagwa. Inawekwa mezani kukumbusha tope ambalo Wana wa Israeli walifyatulia matofali ya Farao.

"Kwa nini tope liwe tamu, Susu?" Mumbua aliuliza asubuhi ile, sufuria ikiwa inatokota.

"Ulitaka tule tope la kweli?" Bi Naima alijibu bila kuacha kukoroga.

Jiko alikuwa ameliwasha mwenyewe. Hakubali mtu wa nje awashe moto wa chakula cha sikukuu, hata kama moto wenyewe ni kitufe cha kuzungusha. Nyumba nzima ilikuwa imesuguliwa wiki mbili. Kabati zilifunikwa, vyombo vya kila siku vikafungiwa, vikatolewa vyombo vya Pasaka ambavyo mwaka mzima hukaa kwenye maboksi. Mumbua alisugua mpaka ndani ya kibaniko cha mikate, naye akidhani ni usafi tu wa sikukuu, kama kwao wanavyopaka nyumba chokaa Krismasi.

"Nani alikufundisha kupika hii?"

"Mama yangu, Baghdad. Yeye alifundishwa na mama yake. Wengine huko duniani wanatumia tufaha. Sisi ni tende, kwa sababu Babeli hakukuwa na kitu kingine kitamu. Nebukadneza alipotubeba kutoka Yerusalemu alituweka kule. Baadaye wengine walirudi. Sisi tukabaki, mpaka mimi nikiwa msichana mdogo, ndipo tukapanda ndege na sanduku moja moja."

Mumbua akaacha kusaga jozi. "Nebukadneza yule wa tanuru la moto?"

"Wako wangapi?"

Woi. Tangu Sunday school Mumbua alikuwa akiwajua watu hao, wa Farao na wa Babeli, wamechorwa kwa rangi kwenye kadi, wana kanzu na ndevu. Aliwaheshimu kama unavyowaheshimu watu waliokwisha kuondoka. Na huyu hapa mwanamke aliyevaa sweta la kijani anasema sisi. Hasemi wao, hasemi wazee wetu wa kale. Anamtaja Nebukadneza kama jirani aliyewahi kuwaudhi. Juzi tu Mumbua alikuwa amemkata kucha za miguu. Amemkata kucha mtu wa Babeli, na hakujua.

"Leo usiku utabeba furushi," Bi Naima akaendelea. "Kwetu lazima mtu mmoja atoke nje na mkate begani, abishe hodi. Namuuliza ametoka wapi, anasema Misri. Namuuliza anakwenda wapi, anasema Yerusalemu. Ni kazi ya mtoto, lakini watoto hatuna hapa. Wewe umetoka mbali, utafaa."

Mumbua alijawa na furaha mpaka hakujua aiweke wapi, na mtu wa Kitui akifurahi hivyo anatafuta cha kutoa. Bi Naima alipokwenda kuchukua kitambaa kingine chumbani, Mumbua akakimbia kwenye gari, akarudi na chapati zake. Alikuwa amelifikiria jambo hilo vizuri, msimwone mjinga. Pasaka ni mkate usiotiwa chachu, hilo analijua toka utotoni. Chapati haina hamira. Basi ni nini kingefaa zaidi? Akaweka sahani juu ya mdomo wa sufuria, kama tunavyofanya sote, chapati zipate joto la mvuke. Halafu, kwa kuwa harufu ya tende ilikuwa imemshinda, akamega kipande, akachovya kwenye halek, akaonja.

Aligeuka na kumkuta Bi Naima mlangoni.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alivuta kiti akakaa.

"Umefanya nini, binti?"

"Haina chachu, Susu. Sikutia hamira hata chembe."

"Unga wake ulipumzika?"

Mumbua akashangaa swali. Mpishi yeyote anajua unga usipopumzika chapati inakuwa soli ya kiatu. "Ulipumzika, ndiyo."

"Basi ni chachu. Unga na maji vikikaa vikatulia, vimeshachacha, hata kama wewe huoni. Watu wetu walitoka Misri unga haujapata nafasi ya kupumzika. Hiyo ndiyo hadithi yote, binti. Hakuna nyingine."

Maji yakimwagika hayazoleki. Sufuria ya Pasaka ilikuwa imeharibika, na halek yote ndani yake, na asubuhi nzuri ya Bi Naima ilikuwa imemalizikia humo. Huko bustanini Ezra alikuwa anachoma vipande vya mwisho vya mkate wenye chachu, maana ndiyo desturi yao asubuhi hiyo. Akazichukua na zile chapati akazitupia motoni. Harufu ya chapati zinazoungua ikatanda mpaka kwa majirani, kwenye nguo zao zilizoanikwa. Mumbua alisimama kwenye majani akalia. Alilia kwa aibu, na kidogo alilia kwa ajili ya chapati.

"Hakuna tende zaidi," Ezra alisema, akifuta miwani. "Na saa nane atakuwa ameshaondoka. Unajua anavyoondoka."

"Nitarudi kabla ya hapo," Mumbua alisema. Hata hakuvua aproni.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na hiyo ndiyo bahati yake. Karibu na kwake kuna duka la Ahmada, mzee wa Kingazija aliyekulia Unguja, na mwezi huo tende zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Akamweleza huku anahema. Tende zisizochanganywa na kitu, na sufuria mpya ambayo haijaguswa na unga. Ahmada alimsikiliza hadi mwisho, midomo yake mikavu kwa saumu.

"Bibi mwenyewe ni wa Baghdad?"

"Alizaliwa huko."

Mzee akapita tende zote nzuri za mbele, zile zinazong'aa kwenye maboksi, akaenda nyuma ya duka, akarudi na boksi la kadi lisilo na mapambo. "Za Basra. Bibi yangu alikuwa akisema tende ni ya Basra, nyingine ni matunda tu. Zilikuwa zikija kwetu zimeshindiliwa kwenye makanda, tunachokoa kwa kisu." Akashusha na sufuria iliyo bado na karatasi yake. "Nenda. Nabii Musa hakutoka Misri peke yake. Hayo mengine tutaongea siku nyingine."

Barabara ilikuwa na foleni. Mumbua alipofika saa nane ilikuwa imepita, na Bi Naima alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani, anatazama ukuta.

"Marcelle," alisema. "Umechelewa."

Ezra alimshika mkono mama yake, akampeleka jikoni, akamwekea kidole kwenye kitufe cha jiko. Alizungusha kwa sababu kidole kilisukumwa. Tende zikachemka, zikalainika. Wakazimimina kwenye kitambaa, zikaachwa zipoe kidogo, kisha Mumbua akamwekea Bi Naima ncha moja mkononi. Bi Naima aliitazama. Ikakaa tu mkononi mwake, na Ezra akageukia dirisha.

Halafu vidole vikafunga.

Vilifunga vyenyewe, kwanza kimoja, kisha vyote, na mikono ya bibi ikaanza kukinyonga kitambaa. Wanawake wawili, huyu ncha hii na huyu ncha ile, wakakikaza mpaka maji meusi ya tende yakatiririka kwenye sufuria ya Ahmada. Bi Naima akasema kitu kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtoto.

"Anakwambia ukaze upande wako," Ezra alisema polepole. "Anasema mama amechoka, msimwachie peke yake."

Mumbua akakaza. Ile mikono iliyokosa nguvu ya kufungua kikombe cha mtindi sasa ilikuwa inamvuta. Alijaribu kufikiria aliyeifundisha, na aliyemfundisha huyo, mama nyuma ya mama, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeletwa mateka nchi ya mito miwili, akakosa kila kitu cha kwao, akaona mtende. Akajaribu kufika kwake akashindwa. Wafalme wote wale wamekwisha. Majeshi yamekwisha, tanuru limezimika. Kitambaa bado kinanyongwa. Aliogopa, ile hofu ya kumvua mtu viatu kama Musa mbele ya kichaka, na angekuwa peke yake angevivua kweli.

Halek ilikuwa tayari giza lilipoanza kuingia.

Meza ilitandikwa kwa watatu. Kulikuwa na mayai, mboga chungu, mfupa wa kondoo uliochomwa, mikate myembamba mikavu isiyotiwa chachu, na katikati bakuli la halek. Bi Naima alivalishwa gauni la buluu. Alikaa mahali pa mkubwa wa nyumba, akitazama mikono yake iliyobaki na rangi ya tende. Ezra akasoma, akaimba, akamtazama mama yake kila mwisho wa mstari. Mama yake hakuinua uso. Sauti ya Ezra ikaanza kukwama.

"Furushi," alimnong'oneza Mumbua. "Tufanye tu. Asipouliza, usijali, ingia ukae."

Akamfungia mikate kwenye kitambaa cheupe. Mumbua akaitia begani, akatoka mlango wa mbele, mlango ukafungwa nyuma yake. Baridi ilikuwa kali. Mwanamume mmoja alipita na mbwa wake, akamwangalia mwanamke Mwafrika amesimama nje na furushi begani, akaongeza mwendo. Mumbua akabisha.

Kimya.

Akabisha tena. Alisikia Ezra akikohoa ndani. Akasikia saa ya ukutani. Akawaza kwamba ni yeye, kwa chapati zake na kiherehere chake, aliyeichukua ile asubuhi ambayo ingemleta bibi mpaka hapa, na machozi yakaanza upya.

"Umetoka wapi?"

Ilikuwa sauti ya Bi Naima. Si ya mtoto, wala si ya mchana. Ilikuwa ile kali ya asubuhi.

"Misri," Mumbua alisema, na neno lilipomtoka hakulisikia kama mchezo.

"Na unakwenda wapi?"

"Yerusalemu."

Mlango haukufunguliwa. Ile sauti ikauliza swali ambalo halimo kwenye desturi, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwenye mlango huo tangu Babeli.

"Na unga wako? Ulipumzika?"

Ndani, Ezra alianza kulia waziwazi. Mumbua aliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango, anacheka na kulia kwa pamoja, furushi likimteleza begani.

"Haukupumzika, Susu," alisema. "Hatukupata nafasi."

"Basi ingia," alisema Bi Naima. "Chakula kinapoa."